Simu ya Marehemu Yaita Garini

Najua mlininunia wiki nzima. Msomaji mmoja alinikuta kwa kinyozi akaniambia usoni kwamba mtu anayekatiza hadithi pale nilipoikatiza mimi anastahili kulala na njaa. Haya, nimekubali kosa. Tuendelee, maana Mwalimu bado yuko ndani ya gari na moyo wake haujarudi mahali pake.

Kwa aliyelikosa gazeti lililopita, nitasema mara moja tu. Mwalimu ni mjane wa wiki tatu, au ndivyo watu wanavyomwita. Gari la mumewe lilikutwa darajani mlango ukiwa wazi, viatu vimeachwa pembeni, taa moja ya mbele imevunjika, na mto chini umefura kwa mvua. Mwili haukuonekana. Simu haikuonekana. Wazamiaji walitafuta wakachoka, ukoo ukakaa kikao, ikaamuliwa kwamba marehemu amechukuliwa na maji na watu waache kutafuta.

Mwalimu peke yake ndiye aliyekataa. Aliomba kitu kimoja tu, aisikie tena sauti ya mumewe, ajue yu hai. Mengine yote angeyabeba.

Leo asubuhi alilipeleka gari gereji kwa Fundi Spika, amuunganishie simu yake na redio ili aweze kuongea huku anaendesha, kwa kuwa sasa watoto wanamtegemea yeye peke yake. Fundi akawasha redio. Kabla hajaigusa simu ya Mwalimu, kisanduku cha bluetooth kilichofichwa nyuma ya redio kikalia tiii, na yule mwanamke wa mashine akatangaza kwa Kizungu chake cha puani, kwenye spika zote nne, kwamba simu imeunganishwa.

Simu gani?

"Fundi, yangu hii hapa," Mwalimu alisema. "Nimeizima. Uliniambia niizime kwanza."

"Naiona."

"Basi ni yako."

"Yangu niliifuta humu siku ileile niliyofunga kisanduku. Huwa najaribia kwa simu yangu, nikimaliza nafuta. Sitaki simu yangu iwe inadandia magari ya watu." Fundi aliinamia redio. "Mwalimu, kisanduku hiki kinaijua simu moja tu duniani."

"Ya nani?"

"Ya mumeo."

Mwalimu hakuuliza swali la pili. Alimrukia fundi akamkaba ukosi wa shati, bisibisi ikadondoka chini ya kiti.

"Iko hapa! Simu ya mume wangu iko hapa gerejini kwako! Umemfanya nini mume wangu?"

"Nisachi."

"Nasema umemfanya nini?"

"Nisachi, mwalimu. Anza na mifuko ya suruali."

Alimsachi kweli. Alitoa koleo, kipande cha tepu nyeusi, funguo, na picha ndogo ya msichana aliyevaa sare ya uuguzi. Alipoiona picha akaacha kusachi, akairudisha mfukoni mwa fundi kwa adabu kama anayerudisha kitu cha msikitini.

Msichana yule alikuwa binti wa fundi, mtoto wake wa pekee, akisomea uuguzi. Mwezi huuhuu alikuwa anarudi kutoka zamu kwa baiskeli, gari likamgonga na kukimbia. Alikutwa asubuhi kwenye mtaro. Daktari alisema angewahishwa angepona, na neno hilo ndilo lililomzeesha fundi kuliko kifo chenyewe. Mwalimu alikwenda msibani. Fundi naye, na macho yake mekundu, alikuja kusimama darajani siku wazamiaji walipokuwa wakitafuta. Wafiwa wawili walikuwa wameketi ndani ya gari moja, na mmoja ametoka kumkaba mwenzake.

"Nisamehe, fundi."

"Hamna shida. Sasa nisikilize." Fundi alipandisha vioo vyote. "Hii kitu haivuti mbali. Kutoka hapa hadi getini, basi. Ukipita geti inakata."

Mwalimu aligeuka akalitazama geti.

"Kwa hiyo simu haiko mtoni," alisema.

"Haiko mtoni. Imewashwa, ina chaji, na iko ndani ya ua huu."

"Basi yu hai! Fundi, mume wangu yu hai!"

"Polepole. Simu ndiyo iliyo hai."

Wakaangalia nje. Gereji ya Fundi Spika ni ua mdogo wa zege lililochafuka oili, banda la kazi, stoo, pikipiki ya fundi kando ya stoo, rundo la matairi, na ukuta wa mabati unaomtenga na mpaka rangi wa jirani. Mpaka rangi alikuwa anasikika akipiga mluzi huku akisugua bodi ya gari. Chini ya banda, juu ya kiti kilichong'olewa kwenye basi bovu, alikuwa ameketi Shemeji akisoma gazeti. Silitaji gazeti gani, ila kwa namna alivyokunja uso nadhani alikuwa ukurasa huu.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wa Mwalimu. Ndiye aliyevitambua viatu darajani. Ndiye aliyelia mpaka wanaume wanne wakamshika. Ndiye aliyeongoza kile kikao cha ukoo. Tangu siku ile hajabanduka kwa Mwalimu, akienda sokoni yupo, akienda shule yupo, leo amekuja naye gereji eti mwanamke peke yake mafundi watamwonea.

Tena ni mkono wa birika. Shemeji hutunza mifuko ya nailoni, hukunja karatasi za zawadi azitumie tena, na kipande cha sabuni kikibaki ukubwa wa ukucha hukibandika kwenye sabuni mpya. Likumbukeni hilo.

"Ni yule jirani," Mwalimu alinong'ona, akionyesha mabati. "Mpaka rangi. Kaiokota mahali."

"Inawezekana."

"Au..." Hakumalizia.

"Tupime," Fundi akasema. "Tusimsingizie mtu."

Chini ya dashibodi, mahali ambapo asiyejua hawezi kupaona, fundi alikuwa amebandika kitufe kimoja cheusi. Alikibonyeza. Wimbo ukaanza katikati, pale ulipokuwa umeachwa. Ulikuwa wimbo ambao mume wa Mwalimu aliupiga kila asubuhi akiwapeleka watoto shule, akiimba vibaya kwa makusudi ili wacheke. Mwalimu aliuma ncha ya mtandio wake. Nje hakuna aliyesikia kitu, kwa kuwa wimbo ulikuwa unatoka kwenye simu na kuja moja kwa moja kwenye spika za milango, na vioo vilikuwa juu.

Fundi akashusha sauti, akafungua kioo ufa.

"Kaka mkubwa! Samahani. Fyuzi imeungua. Ungenisaidia kwenda duka la hapo ng'ambo ya barabara, uwaambie fyuzi ya gari, ampea kumi."

"Mafundi wa siku hizi mnaanza kazi bila vifaa?" Shemeji alinung'unika. Lakini alinyanyuka. Alilikunja gazeti, akalitia kwapani lisije likachukuliwa, akaelekea getini.

Kioo kikafungwa. Wakasikiliza.

Shemeji alipolipita rundo la matairi, wimbo ukakwaruza. Akapiga hatua nyingine, ukarukaruka, neno likikatika na kurudi. Alipofika getini ukawa vipandevipande. Alipotoka, ukafa. Mwanamke wa mashine akatangaza kwamba muunganisho umepotea.

Nyuma ya mabati, mpaka rangi alikuwa bado anapiga mluzi.

Mwalimu hakulia. Alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Alilia kwenye mapaja yangu, fundi. Mtu mzima yule. Alilala chini sebuleni kwangu akagaragara. Nikambembeleza mimi! Nikamwambia shemeji nyamaza, utaumwa!"

"Punguza sauti, anarudi."

"Anawezaje kukaa hapa na simu ya marehemu mfukoni? Haogopi?"

"Aogope nini? Haijui hii kitu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mume wa Mwalimu aliipenda redio yake ya kaseti, hakutaka ing'olewe. Alimwambia fundi, niongezee hiyo bluetooth lakini sura ya redio isibadilike, isiwe na taa wala maandishi, kaka yangu akiona kitu kipya garini atanihubiria mwaka mzima juu ya uharibifu. Fundi akakificha kisanduku nyuma, akaupitisha waya ndani ya dashibodi, akatoboa tundu la kipaza sauti karibu na kioo cha kati, dogo hata mbu angeliona finyu. Kazi ilikuwa safi. Shemeji amepanda gari hili mara nyingi akiamini linapiga kaseti.

Na kwa nini simu ilibaki kwake? Nitawaambia mimi, kwa sababu yeye hatasema. Aliambiwa aitupe mtoni pamoja na laini yake. Laini aliitupa. Simu aliinyanyua, akaiangalia, nzima, kioo hakina hata mkwaruzo, mkono ukawa mzito. Akatia laini mpya ambayo mtu mmoja tu alikuwa na namba yake.

Shemeji alirudi na fyuzi. Tiii, imeunganishwa. Fundi akaipokea kupitia ufa wa kioo.

"Ahsante, kaka mkubwa. Dakika chache tu."

"Fanya haraka. Shem hajala tangu asubuhi," Shemeji akasema kwa huruma, akamtazama Mwalimu kwa macho ya upole, akarudi kwenye kiti chake cha basi.

Mwalimu alitaka kushuka amrarue. Fundi akamshika mkono. Hapo hapo spika zote nne zikaanza kuita.

Nje, kimya. Shemeji alishtuka tu kama mtu aliyeng'atwa na siafu pajani, akajigusa mfuko.

"Ameiweka mtetemo," Fundi alinong'ona upesiupesi. "Sikia, mwalimu. Akipokea, sauti inakuja huku. Yeye hatasikia kitu. Na yule anayepiga atatusikia sisi, siyo yeye. Usikohoe." Akaliziba lile tundu la kipaza sauti kwa kidole gumba.

Shemeji aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akajikokota hadi nyuma ya matairi, akawapa mgongo, akatia simu sikioni.

"Kaka," ikasema sauti ndani ya gari.

Jamani.

Mwalimu aliijua kabla neno halijaisha. Ilikuwa imekauka, ya mtu asiyelala, lakini ilikuwa yake. Mkono wake ulikwenda kwenye spika ya mlangoni ukaipapasa. Machozi yalimtoka bila sauti, na usoni mwake lilikuwapo jambo ambalo fundi hakuwa ameliona kwake tangu msiba: furaha. Mungu alikuwa amemjibu. Kama hadithi ingekuwa yangu kuipanga ningeishia hapa, tukaenda zetu nyumbani.

"Kaka, mimi siwezi tena," sauti ikaendelea. "Umeniambia nivumilie, nimevumilia. Nikifumba macho namwona yule binti wa Fundi Spika."

Fundi alikaza kidole gumba juu ya tundu.

"Hukuwapo nilipomgonga. Wewe ulikuja baadaye. Mimi ndiye niliyeshuka nikamwinua kichwa. Alinitambua, kaka! Aliniita baba mdogo, kama alivyozoea kumwita rafiki wa baba yake. Alisema baba mdogo, mguu wangu. Alinishika suruali. Nikakupigia simu unisaidie kumbeba, ukaja, ukasema tukimpeleka hospitali atanitaja, nitaozea jela, watoto watatafuta pa kulelewa. Ukanibandua vidole vyake kwenye suruali yangu wewe mwenyewe. Alikuwa anahema. Tulimwacha anahema."

Mwalimu aliondoa mkono kwenye spika.

"Nilikubali kufa. Nilikubali viatu, nilikubali daraja, nilikubali mke wangu awe mjane. Lakini nashindwa. Kaka? Mbona kimya? Mke wangu ameacha kulia?"

Mwalimu aligeuka polepole kumtazama fundi. Sitawaelezea uso wa fundi. Mwenye mtoto ajaze mwenyewe. Nitasema tu kwamba mkono uliokuwa umeziba lile tundu ulishuka, ukalala juu ya paja kama si wake, na kipaza sauti kikabaki wazi.

Nyuma ya matairi Shemeji alikuwa anahangaika. "Haloo! Haloo! Sikusikii!" Aliitoa simu sikioni, akaitazama, akaipiga kiganjani mara mbili, akairudisha. "Mtandao gani huu! Haloo!" Akaanza kutembea kuelekea getini, simu ameinyanyua juu, akitafuta mtandao.

Na kila alipopiga hatua, sauti garini ikaanza kukwaruza.

Fundi aliziba tena tundu, safari hii kwa kiganja kizima.

"Mwalimu. Ongea naye."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie arudi nyumbani."

"Fundi..."

"Namwitia polisi. Watamkuta kwako, watamchukua taratibu. Nakuapia kwa kaburi la mwanangu. Lakini ukimwambia akimbie, mwanangu hatakuwa na mtu wa kumjibia kabisa."

"Ni baba wa watoto wangu."

"Na mimi nilikuwa baba wa nani?"

Shemeji alikuwa ameshafika katikati ya ua. "Ka... mbo... kaka..." zikasema spika.

Fikirini mko pale. Mwanamke ameomba wiki tatu aisikie sauti hiyo. Ameisikia. Sasa akiiambia kimbia, inakimbia na hataisikia tena, na mtu aliyeketi ubavuni mwake atakufa akijua kwamba mwalimu wa watoto wa watu alimficha muuaji. Akiiambia rudi, inarudi, na yeye ndiye aliyeitega. Na hana hata muda wa kuvuta pumzi mbili, kwa sababu mpumbavu mmoja anatembea na simu juu kama anayemulika nyota mchana.

"Toa mkono," Mwalimu akasema.

Fundi akautoa.

"Baba watoto. Ni mimi."

Mkwaruzo. Halafu ile sauti, ndogo, kama ya mtoto aliyekamatwa jikoni: "Mama watoto?"

"Ni mimi."

"Kaka yuko wapi?"

"Yupo hapa. Amenipa simu. Ameniambia yote." Alikuwa akimtazama fundi machoni wakati anasema. "Rudi nyumbani. Hakuna mwingine anayejua."

"Na fun... Fundi Spika?"

"Fundi hajui kitu."

Mume alianza kulia. Kilio chake kilikuja vipandevipande, kikikatika na kurudi, kikikatika na kurudi. Shemeji akalivuka geti. Muunganisho ukapotea.

Ilivyo, simu ikiachana na gari, maongezi hayakatiki. Yanarudi kwenye simu yenyewe. Shemeji, aliyekuwa amekata tamaa, ghafla alimsikia mdogo wake sikioni, wazi kabisa.

Walimwona kupitia kioo. Kwanza alitabasamu kwamba mtandao umepatikana. Kisha tabasamu likamtoka.

"Nani kakuambia urudi?" alifoka, hata kioo hakikuzuia. "Mkeo? Mkeo utaongea naye wapi wewe, mkeo yuko ndani ya..."

Akageuka. Akalitazama gari. Akaitazama simu. Akalitazama tena gari, na ile redio ya kaseti aliyoidharau miaka yote. Macho yakamtoka pima.

Fundi alikuwa ameshafungua mlango.

Hakukimbia, fundi. Alitembea kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuzima bomba. Shemeji angeweza kusema neno moja, usije, na mdogo wake angelisikia. Neno hilo halikumjia. Kilichomjia ni miguu yake. Simu ilimdondoka mkononi, ikaangukia kwenye matambara karibu na geti, na Shemeji akatimua mbio barabarani, gazeti likipeperuka nyuma yake ukurasa kwa ukurasa. Kaka mkubwa, mwenyekiti wa kikao cha ukoo, alimwacha mdogo wake kwenye laini.

"Anakimbia!" Mwalimu alipiga kelele. "Fundi, mkamate!"

"Huyo ana familia, ana nyumba, atapatikana," Fundi alisema. Aliinama akaiokota simu kwa ncha za vidole, akaja nayo hadi garini, akaiweka kwenye kiti cha dereva. Tiii. Imeunganishwa.

"Kaka? Kaka, mbona mnakatikakatika?" Sauti ya mume ilijaa gari, sasa safi, imepata nguvu. "Basi usijifanye hukumpa simu wala usimfokee mke wangu, hana kosa. Nilikuwa njiani tangu asubuhi, nilitaka tu ruhusa yako. Nafika nyumbani kabla watoto hawajatoka shule. Nitawafungulia mlango mimi mwenyewe. Mama watoto, unanisikia?"

Fundi alimtazama Mwalimu. Hakumwambia sema wala usiseme. Alinyoosha mkono akachomoa bisibisi chini ya kiti, akageuka, akaelekea stoo.

Anakwenda kupiga simu polisi, Mwalimu akajiambia. Ameapa kwa kaburi la mwanawe.

"Unanisikia?"

Neno moja lilikuwa kwenye ulimi wake. Aliliona kabisa, lina silabi tatu, lingetoka bila kelele na fundi asingelijua kamwe. Akamkumbuka msichana wa kwenye picha akibanduliwa vidole kimoja kimoja na mtu ambaye yeye alimpikia na kumtandikia kitanda wiki tatu.

"Nakusikia," alisema. "Njoo."

Akabonyeza kitufe cheusi, maongezi yakakatika. Kisha akakilaza kichwa juu ya dashibodi na kulia kilio ambacho hakuwa amekilia hata darajani.

Aliponyanyua uso, fundi alikuwa ametoka stoo. Alikuwa amebadilisha shati la kazi na kuvaa safi, lile alilovaa siku ya mazishi. Alikuja kwenye mlango wa dereva uliobaki wazi, akaingiza mkono, akazima redio, akachomoa ufunguo wa gari na kuutia mfukoni.

"Ufunguo wa nini, fundi?"

"Utulie kidogo. Huwezi kuendesha ukiwa hivyo."

"Umewapigia?"

"Nakwenda mwenyewe. Mambo kama haya hayasemwi kwenye simu."

Alisema kwa upole, na Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu kilikuwa kitu cha maana kusema. Fundi alipanda pikipiki, akaipiga teke ikawaka. Ndipo alipoinama kuokota kitu alichokuwa amekiegemeza ukutani. Ilikuwa spana ya magurudumu, ile ndefu ya malori. Akaichomeka nyuma ya kiti, akaifunga kwa mpira, akavuta mara mbili kuhakikisha imekaza.

"Fundi!" Mwalimu alifungua mlango. "Fundi, uliniapia!"

Pikipiki ikatoka getini. Kutoka gereji ile, kituo cha polisi kiko mkono wa kulia, huoni hata sababu ya kuuliza njia. Nyumba ya Mwalimu iko kushoto.

Fundi akakata kushoto.

Mwalimu aliirukia ile simu kwenye kiti. Akaibonyeza namba ya mwisho, akaiweka sikioni, akasema kimbia, kimbia, kimbia kabla hata haijaanza kuita. Haikuita. Mume wake alikuwa ameshaizima yake, kama kaka yake alivyomfundisha kufanya kila anapomaliza kuongea.

Shuleni kengele ya mwisho ilikuwa inakaribia kugongwa, na watoto wawili walikuwa wanajiandaa kurudi nyumbani. Mwalimu alitoka getini, akakata kushoto, akaanza kukimbia.